Pembe Moja Bila Gundi

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo unasemaje huko? Mimi ni mzima, ila mikono imekauka kwa mvuke. Kutwa nzima napiga pasi mashuka ya hospitali.

Nimepata chumba changu mwenyewe! Kitanda, kiti kimoja, na meza yenye mguu mfupi inayoyumba kila nikiiegemea. Kuta ni tupu, zinanitia upweke. Nikaikumbuka timu yetu, zile kadi kumi na moja za wachezaji ulizokuwa ukininunulia moja moja kila Jumamosi mpaka tukaikamilisha. Nataka kuzibandika hapa. Nitumie, Baba.

Lakini usitume kama kifurushi. Kifurushi ni ghali, na kinajitangaza kwamba kina kitu ndani. Mwenzangu wa hapa kazini anakusanya kadi miaka mingi, naye amenifundisha. Tumia bahasha ya kawaida ya barua, na stempu moja. Kadi iwe ndani ya kimfuko chake cha plastiki, uikinge na kadibodi nyembamba isikunjike, kisha uizungushie barua isitembeetembee. Bahasha isinenepe, mashine ya posta haipendi kitu kigumu. Tuma moja moja, ili ikipotea moja isipotee timu nzima. Na ndani ya barua usizitaje kabisa. Anayefungua bahasha za watu huanza kwa kusoma.

Msalimie shangazi.

Binti yako

17 Februari

Mwanangu Kucha,

Marahaba, tena marahaba. Mgongo unalalamika, lakini hauna pa kwenda. Paka mikono mafuta kabla ya kulala.

Maagizo yako nimeyasoma mara tatu, nikacheka peke yangu. Yaani mtu amejalidi vitabu miaka arobaini, leo anafundishwa kadibodi na mtoto aliyejifunza kutambaa chini ya meza ya kazi! Haya mwalimu, nimesikia. Karakana ni ile ile, gundi inanuka vile vile, na shangazi yako anailaani vile vile kila akipita.

Nimefanya ulivyosema, na zaidi kidogo. Siongezi neno, umenikataza. Yule mwenye mikono mirefu anakusalimu.

Baba yako, Fundi

6 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika salama, pamoja na kadibodi. Ahsante.

Je, unalala vizuri? Dawa ya presha unaikumbuka? Unakula, au unashinda na chai? Usijichoshe na mambo yangu. Kama yanakupa shida, acha tu, ukuta hauna haraka.

Shangazi anakuja kukuona mara ngapi kwa wiki?

Binti yako

22 Machi

Mwanangu Kucha,

Marahaba. Mimi ni mzima, na dawa nakunywa. Chakula nakula mpaka jirani anashangaa.

"Barua imefika, pamoja na kadibodi." Ah! Akili hiyo umeitoa kwangu, si kwa mama yako, Mungu amrehemu. Msomaji mwizi atatoka kapa. Basi leo nakuletea beki, na kesho mwenzake, kila mmoja na bahasha yake. Lo, nimetaja! Wacha, potelea mbali.

Ila sijaelewa jambo moja. Barua yako ni fupi, na nusu yake ni ya daktari. Usingizi, dawa, chakula. Kuna nini? Au ni wewe unayeumwa, unanizungusha?

Baba yako, Fundi

14 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Siumwi. Barua zako mbili nimezipata, na kadibodi zake. Meza yangu siku hizi haiyumbi, angalau hilo.

Usikasirike nikikuuliza. Ukiamka asubuhi, unajua ni siku gani? Je, umewahi kuweka kitu mahali, halafu usikione? Nauliza tu. Hapa kazini tunafua mashuka ya wazee wengi, nasikia mengi.

Nimemwandikia shangazi. Ukimwona anakuja kila siku, ujue ni upendo.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Safari hii sijui nianzie wapi.

Shangazi yako amekuja na barua yako mkononi. Amenisomea, maana miwani yangu nilikuwa nimeikalia. Kumbe bahasha zote tatu zilifika tupu. Wala hazikuchanwa, zilifika na gundi yangu juu, na ndani hamna kadi, ila barua na kadibodi tu. Mwanangu, nimechanganyikiwa. Nimefungua albamu, nafasi tatu ziko wazi. Kwa hiyo nilizitoa. Sasa nikazipeleka wapi? Nimepekua karakana nzima, nimetikisa kila kitabu, mpaka makopo ya gundi nimeyamwaga. Sikuona kitu.

Nimepelekwa kwa daktari. Akaniuliza leo ni siku gani. Kwa hofu nikasema Jumatano, kumbe Alhamisi. Shangazi yako akaniangalia jicho la kumwangalia mgonjwa.

Jambo moja linanitesa. Nakumbuka vizuri kabisa nikiipasua kila kadibodi ndani ya unene wake, nikilaza kadi katikati, nikiibandika tena isijulikane, na kuacha pembe moja bila gundi, kama nilivyokuwa nikikufichia zawadi ulipokuwa mdogo. Naiona mikono yangu ikifanya hivyo! Lakini wewe ndiye Kucha. Hakuna kadibodi yangu uliyowahi kushindwa kuifungua kwa ukucha wako. Kama wewe umefungua na hukukuta kitu, basi nilibandika hewa, na hayo ninayoyakumbuka hayakutokea. Shangazi yako ana haki.

Nimekubali kuhamia kwake. Kibanio kikubwa cha vitabu kimeshachukuliwa leo na mwenye duka la vifaa vya shule. Funguo za karakana nitazikabidhi mwisho wa mwezi.

Winga nimemtia ndani ya barua hii hivi hivi, bila kadibodi, shangazi yako akishuhudia. Safari hii nina hakika.

Baba yako

19 Mei

Baba, Baba yangu,

Shikamoo elfu moja. Usitoe funguo! Nimempigia shangazi simu mara mbili, nimemwambia akuambie, laini ikakatika kabla hajanijibu, nami nataka ulione kwa mwandiko wangu. Huna ugonjwa wa kusahau. Aliyesahau ni mimi.

Nilisoma neno "pembe" nikiwa nimesimama. Nikapiga magoti chini ya meza. Kadibodi mbili za mwisho nilizikunja nikaziweka chini ya ule mguu mfupi, ndiyo maana meza ilitulia. Nikatafuta pembe kwa ukucha, ikafunguka. Beki wa kwanza huyu hapa, ana mkunjo katikati ya kifua. Na mwenzake vile vile. Nimekula, nimeandika, nimewaegemea mwezi mzima, huku nikimlilia shangazi kwamba Baba anapotea.

Kipa sina. Kadibodi ya kwanza niliitupa kwenye taka za kazini siku ile ile. Nisamehe.

Winga amefika amekunjika mara mbili, mashine imempitia. Nimemlaza kwenye kitabu.

Umeniita Kucha maisha yangu yote, nami nilishasahau jina lilitoka wapi. Sijui kama umeshahama. Sijui hata barua hii niipeleke nyumba ipi, kwa hiyo naandika mbili.

Binti yako, Kucha

8 Juni

Kucha,

Marahaba. Nimepata zote mbili, ya kwangu na ya kwa shangazi yako. Niko nyumbani, funguo ziko mfukoni. Kibanio hakikurudi. Mwenye duka anasema amekizoea, nami sina nguvu za kugombana.

Shangazi yako ananisalimia sasa kwa adabu ya kupita kiasi. Bado ananiuliza leo ni siku gani. Namjibu kwa tarehe, mwezi na saa, mpaka anakimbia.

Kadi si kitu, mwanangu. Kipa amekwenda, timu itacheza bila kipa, tumeshaona timu mbovu zaidi. Lakini nitakuambia kilichoniuma, nisije nikakaa nacho. Ulipata bahasha tupu tatu, ukamwandikia shangazi yako. Hukuniuliza mimi. Neno moja tu, "Baba, kadi iko wapi?", ningekujibu kwa posta ya kesho yake. Badala yake ukaniuliza kama nakula, nami wiki mbili nzima nilijiogopa mwenyewe ndani ya nyumba yangu.

Yameisha. Siku nyingine ukiwa na shaka na mimi, niulize mimi.

Kiungo wa kati anakuja na barua hii. Kwa kuwa sina kibanio, gundi ilikauka chini ya godoro, nimeilalia usiku kucha. Na kwa faida yako nimeandika juu ya kadibodi, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: FUNGUA HAPA. Kama kuna mwizi njiani, naye asome.

Baba yako, Fundi