Mafiga Nje ya Ua wa Shule

Jumamosi, jioni. Mvua ilipita alfajiri, nyepesi, kisha jua likatoka na siku ikaendelea kama siku nyingine yoyote ya Kisesa.

Naandika nikiwa jikoni. Kuna moto. Hilo ndilo jambo la leo, na ningeweza kuishia hapo.

Tangu mke wangu Kabula afariki, mwanzoni mwa masika, moto haujawashwa humu. Kwa ukoo wake, mwanamke akifa mafiga yake nayo yamefiwa. Yanakaa baridi mpaka baba yake aje na mkuki wake, auchome kwenye jivu katikati ya mawe yale matatu, kisha ampake mume jivu hilo mkononi. Hapo msiba umekwisha. Mgane anaweza kupika, kunyoa, na hata kucheka akipenda. Kabla ya hapo yeye ni mtu wa kulishwa. Nimekuwa nikila kwa jirani. Uji wake ni mzuri, lakini kwenye uji wa watu huombi kuongezewa.

Shida ni kwamba nyumba yangu ya mwalimu imo ndani ya kiwanja cha shule.

Sheria ilitoka mwaka jana baada ya mavuno. Vikundi viwili vya ngoma vilishindana kwenye uwanja wetu wa mpira, kwa kuwa hakuna pengine palipo tambarare namna ile. Wakalewa, wakatukanana, mikuki ikanyanyuka. Mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akitazama alichomwa pajani. Mimi ndiye niliyemfunga jeraha, kwa kitambaa cha kufutia ubao. Anachechemea mpaka leo. Baraza la mtemi likakaa, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akatia sahihi: mtu yeyote asiingie katika kiwanja cha shule akiwa na mkuki, upinde, panga wala rungu. Mpaka ni ua wa minyaa. Atakayeuvuka na silaha atalima barabara ya Serikali.

Niliwasomea wazazi maneno hayo mimi mwenyewe. Niliiona sheria njema. Bado naiona hivyo.

Kabula nilimsomea wakati tunakula. Alicheka, akauliza kama kisu chake cha mchicha nacho kitashtakiwa. Halafu akaacha kucheka, akauliza baba yake akija kututembelea, mkuki atauacha wapi. Nikamjibu, getini. Akaendelea kumenya kiazi. Hatuna geti.

Wiki iliyopita Maganga, baba wa mmoja wa wanafunzi wangu, alikatiza kiwanjani na mkuki akimfukuza mtamba wake aliyetoroka. Hakuwa na nia mbaya na mtu. Lakini watoto wote walimwona, nao walikuwa wananitazama mimi. Nikapeleka jina lake kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Amepewa kipande cha barabara, na kipande chenyewe ni hiki kinachopita mbele ya shule. Kila asubuhi huniamkia kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Leo, jua likiwa limeshapanda, wakwe zangu wakafika kutoka Kirumba. Walikuwa watatu: Mzee Masanja, baba yake Kabula, na mkuki wake; Bibi Mbuke, shangazi yake Kabula, na kapu la dagaa; na Luhende, shemeji yangu, aliyembeba kuku kwapani. Walikuwa wametembea tangu jogoo la kwanza. Nikatoka kuwapokea nje ya ua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe wangu. Umekonda."

Nikamweleza sheria hapo hapo, nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkuki umesimama pembeni yake. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya viatu vya tairi. Kisha akasema, taratibu, "Mkuki huu hauachwi nje. Ukiachwa nje, nami nimeachwa nje."

Luhende akasema, "Tuuviringishe kwenye mkeka, shemeji. Wakiuliza, ni mgonjwa."

Nilitaka kucheka, nikakumbuka kwamba bado sijaruhusiwa. Nikamwambia mkuki ndani ya mkeka ni mkuki.

Maganga alikuwa ameegemea jembe lake, hatua chache kutoka kwetu, na kazi ilikuwa imesimama. "Mwalimu, mpitishe tu mzee!" akasema. "Barabara ni ndefu. Jembe la pili lipo."

Sikumkasirikia. Nilisimama nikiwaza kama anayewaza jambo la mtu mwingine. Nikimpitisha mzee, itanilazimu nipeleke jina lake kwa mwanangwa, na atalima kwa miguu ile. Nisipolipeleka, Maganga amelimia nini? Sheria itakufa leo mchana, na mavuno yajayo mikuki itarudi uwanjani. Nikimzuia, atarudi Kirumba, na safari nyingine kama hii hataiweza. Mafiga ya binti yake yatabaki baridi, na mimi nitabaki mtu wa kulishwa, sijui mpaka lini.

Kuku akalia kwapani mwa Luhende.

Bibi Mbuke akatua kapu chini. "Mimi miguu inaniuma," akasema. "Mtoto wetu alikuwa anapikia shule, au anapikia mafiga? Toeni mafiga nje tumalize. Nyie wanaume mtasimama hapa mpaka tuzeeke."

Mzee Masanja akamtazama dada yake, kisha akanitazama mimi. Akaketi pembeni ya barabara. Nikaelewa kwamba amekubali.

Luhende na mimi tukaingia. Mafiga ya Kabula yalikuwa yamezama kwenye udongo wa jikoni, ikabidi tuyachimbue kwa kijiti. Jiwe la kwanza akalibeba Luhende, la pili mimi. La tatu ndilo zito. Tulipofika kwenye ua tukirudi kulifuata, Maganga alikuwa amekuja mpaka kwenye minyaa.

"Na jembe nalo nilivue, Mwalimu? Lina makali."

"Liache hapo."

Akalilaza chini kwa adabu nyingi, kama mtu anayelaza mtoto, akainua mikono yote miwili ili nione haina kitu, akaingia. Jiwe la tatu alilibeba peke yake. Alipolitua barabarani alisema pole, kwa sauti ya kawaida. Tangu msiba alikuwa hajaniambia neno hilo.

Tukayapanga kando ya barabara, nikamwaga katikati jivu nililolizoa kwa ungo. Mzee Masanja akasimama, akauchoma mkuki wake humo, akauacha kidogo, akauchomoa. Akachota jivu, akanipaka mkononi. Nilitegemea maneno. Alisema tu, "Haya. Pika."

Bibi Mbuke ndiye aliyepika, kwa kweli. Tulikula ugali na yule kuku pale pale, Maganga naye. Watu wa baiskeli walipita wakisalimia, wakifikiri ni wasafiri waliopumzika. Kisha wageni wakaenda kulala kwa ndugu yao upande wa pili wa Kisesa. Sheria imebaki nzima. Nilidhani nitaona fahari. Nimeona uchovu tu, na shibe.

Kuna jambo moja zaidi.

Moja ya mafiga yale ni dogo kuliko mengine. Tulipolichimbua, chini yake palikuwa na kigae cha chungu, kipana kama kiganja. Kabula alikiweka ili jiwe hilo lifikie mengine kwa kimo. Miaka yote tuliyokaa humu sikujua. Nilikitia mfukoni bila kusema.

Jioni nilirudisha mafiga, moja moja. Moto wa barabarani ulikuwa bado na makaa, nikaona vibaya kuuacha kule. Nikachota kaa moja kwa kile kigae, nikavuka nalo minyaa. Moto haumo katika sheria. Sufuria nilipoibandika ililalia kushoto, maji yakamwagika kidogo. Nikasubiri kigae kipoe, nikakirudisha chini ya lile jiwe dogo.

Maji yakatulia sawasawa.

Sijui nani alimfundisha kupima kwa jicho namna ile. Kwa nini sikuwahi kumwuliza?