Pindo la Gauni la Kufia

Mama Idella,

Ninakuandikia kwa Kiswahili, lugha ambayo wewe uliijua maneno mawili tu, "chai" na "tayari". Lakini kila nilipokuja kwako na hasira za mjini, nikaanza kubabaika na Kiingereza changu cha kuokoteza, uliniinulia mkono ukasema, "Sema kwa lugha yako, Zubeda. Uso wako utanitafsiria." Basi ndivyo ninavyofanya. Jambo hili kwa Kiingereza nimeshalisema mara moja, jana, nikabaki nimechoka kama niliyefua mapazia ya nyumba nzima. Isitoshe, mwanangu aliyezaliwa huku hasomi Kiswahili, kwa hiyo karatasi hii iko salama hata nikiisahau mezani.

Nipo dukani kwetu Troyeville, hapa Johannesburg. Deo, fundi mwenzangu, ametoka kwenda kununua zipu. Meza ya kukatia iko tupu kwa mara ya kwanza tangu uondoke, miezi mitano sasa, kwa sababu gauni lako la bluu limekwisha na limechukuliwa. Jana nilimwambia Camille, binti yako, ukweli wa asubuhi uliyokufa. Nilikuwa nimemdanganya, Mama. Nilimdanganya siku ya kwanza, na uongo huo ukazoea kukaa.

Nianze mbali kidogo, maana uliniambia mwenyewe kwamba mtazamaji hamlilii mtu asiyemjua.

Mimi nilikulilia kabla sijakujua. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, Tanga, sebuleni kwa jirani aliyekuwa na runinga. Ulikuwa mama wa watoto watatu kwenye filamu ya Kimarekani, ukafa hospitalini. Hatukuelewa Kiingereza hata kidogo, lakini wanawake wote pale walivuta kanga wakafuta macho, na mama yangu akakuombea dua. Miaka ikapita, nikaja Johannesburg, na siku moja idara ya mavazi ya tamthilia fulani ikatafuta fundi wa wiki mbili. Naingia kwenye hema la kubadilishia nguo, nakukuta umekaa na kikombe cha chai, miguu kwenye beseni. Nilirudi nyuma nikaangusha reli nzima ya kutundikia nguo. Ukauliza nina nini. Nikasema, "Mama, wewe ulikufa. Mama yangu alikuombea." Mwingine angecheka. Wewe uliweka kikombe chini, ukaniuliza mama yangu anaitwa nani, ukasema nimpelekee asante, kwa sababu mwaka ule ulizihitaji sana dua. Nilimpigia simu jioni ile ile. Hakuniamini.

Zile wiki mbili ziliendelea mpaka zikawa miaka kumi na mmoja.

Ulikuja huku kwa kazi ya miezi mitatu ukagoma kurudi. Ulisema kwenu walikuwa wamekuzoea, na mwigizaji aliyezoeleka hupewa kazi ya kufungua mlango na kutangaza kwamba daktari amefika. Maisha yako nimeyajua pale jikoni kwako Kensington, hapa hapa Johannesburg, wewe unamenya viazi vibaya na mimi navirudia. Kwaya ya kanisa kwenye mji wa mtoni ulikozaliwa. Jukwaa la shule. Miaka saba ukiwa karani wa wakili kwenye tamthilia ambayo watu wote waliiangalia na hakuna aliyeshika jina lako. Tuzo uliyopendekezwa, ukashona gauni, ukajifunza hotuba mbele ya kioo, ikaenda kwa mwingine, na gauni ukalivaa kesho yake kwenda kununua mkate. Hapo ulikuwa unacheka peke yako kila mara, nami nilikuwa sicheki na wewe, nilikuwa nawakasirikia watu nisiowajua.

Na kufa. Ulikuwa na orodha nyuma ya mlango wa jikoni: moyo, saratani, risasi, mafuriko, uzee, moyo tena. Mara kumi na moja. Ulisema Wamarekani wakitaka watu walie kabla ya matangazo ya biashara, basi simu inalia kwako. Ulinifundisha kazi hiyo kana kwamba na mimi nitaihitaji. Pumzi ishuke chini ya mkanda, kifua kibaki kimetulia. Mkono uwekwe mahali pake mapema, usije ukakusaliti. Nami nikajifunza kukushonea marinda ya tumboni, pumzi yako ipate pa kujificha. Nguo hizo tuliziita nguo za kufia, mbele ya watu, bila aibu. Deo alipotusikia mara ya kwanza alifanya ishara ya msalaba.

Mazoezi uliyafanyia nyumbani, kwenye kochi, na ulitaka niwepo nikiongea. Nikilalamika habari za dada yangu na harusi zake, na wewe ukabaki umekufa, ulisema hapo unaweza kufa mbele ya yeyote. Sharti lilikuwa moja tu. Niongee nitakavyo, lakini nisikuulize swali, kwa sababu swali humfanya mtu atake kujibu. Na nisikuguse mpaka mwisho. Mwisho ulikuwa wangu. Hata kazini, mwongozaji akishasema kata na taa zikishazimwa, hukufumbua macho mpaka nije na shali, nikuguse mguu na kusema, "Tayari, Mama." Vijana wa kamera walidhani ni madaha ya nyota. Mimi nilijua ulikuwa unaogopa kurudi peke yako, kwa sababu uliwahi kuniambia.

Halafu ikaja filamu hii. Miaka sabini na minne, na kwa mara ya kwanza maishani jina lako likawa la kwanza kwenye karatasi. Bibi mmoja mkaidi anayekataa kuhamishwa nyumbani kwake. Ukurasa wa mwisho anajilaza kwenye kochi lake, na gauni la bluu, anakufa. Uliacha nafasi kwenye orodha ya mlangoni. Ulisema huyo wa kumi na mbili atakuwa bora kuliko wote, na nilikuamini.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Nilishuka teksi pale kwenye robot, zile taa za barabarani, nikapanda zile ngazi zako za kuua watu. Ulikuwa na kanga niliyokuletea kutoka Tanga, umejifunga juu ya nguo ya kulalia. Ulisema bega la kushoto linakusumbua, ukalaumu mto. Nikasema ununue mto mwingine. Hayo ndiyo tuliyosema, Mama. Ukasema, "Niache nijaribu ile ya mwisho," ukajilaza. Mimi nikakaa dirishani penye mwanga, nikachukua gauni na kuanza pindo kwa mkono.

Nikaongea. Nilikueleza jinsi dada alivyogombana na wakwe kwa sababu ya pilau ya harusi. Nilishona upande wa mbele wote. Mkono wako ukateleza kutoka kwenye kochi, ukaning'inia.

Niliona. Hili ndilo lililonikaa kooni miezi mitano. Niliona, nikafikiri umebuni kitu kipya, nikasema, "Huo mkono mzuri sana, Mama, usiubadilishe." Nikaendelea kushona.

Uzi uliniishia ikiwa imebaki robo ya pindo. Nikainuka, nikakugusa mguu. "Tayari, Mama." Nikarudia. Nikarudia tena, kwa sauti ya kukukemea kidogo, kwa sababu ulikuwa umezidisha.

Daktari aliponiuliza ni muda gani umepita, nilisema sasa hivi. Alisema moyo. Alisema huenda ilikuwa ghafla, na hilo "huenda" nimelala nalo na kuamka nalo. Camille alifika siku ya tatu, na pale pale uwanja wa ndege, kabla hajaweka begi chini, akaniuliza kama ulikuwa peke yako. Nikamwambia nilikuwa na wewe, ulifumba macho, nikapiga simu papo hapo. Akanikumbatia mbele ya watu. Kanisani alisimama akasema mbele ya wote kwamba Anti Zubeda hakupoteza hata dakika. Nilikaa kiti cha mbele na kitambaa changu kichwani, nikatamani sakafu inimeze. Tukakuzika huku huku Johannesburg, kama ulivyotaka.

Tangu hapo akawa ananipigia kila Jumapili. Anauliza ulipenda nini, uliimba nini ukiosha vyombo. Kila akinishukuru, najisikia mwizi. Deo alinibana mpaka nikamwambia. Unamjua Deo na Kiswahili chake cha Lubumbashi, hazunguki: "Zubeda, ile mambo unaficha mu roho itakukula. Ambia ule mutoto. Akikasirika, akasirike." Nikamjibu ashone suruali yake aniache.

Wiki iliyopita Camille alirudi kufunga nyumba, na mwongozaji akatuita kuona filamu. Sehemu ya mwisho hukuwahi kuipiga, na hakutaka mtu mwingine alale pale badala yako, mgongo kwa kamera. Kwa hiyo inaisha hivi: unaanua nguo kwenye kamba, unapanda ngazi na kapu, unaingia ndani, unafunga mlango. Basi. Taa zikawaka. Kwenye filamu yako mwenyewe hufi, Mama. Nililia kwa sauti, nikaona aibu. Camille akanishika mkono akasema tena, asante kwa kuwa ulikuwepo. Nilijua siwezi kuipokea asante hiyo mara nyingine.

Jana nilimpelekea lile gauni nyumbani kwako na, kati ya maboksi, nikamwambia yote. Bega. Mkono. Na maneno niliyousifia ule mkono, hayo nilitaka kuyaruka nikashindwa. Camille akaenda kwenye lile kochi ambalo bado halijauzwa, akajilaza, kichwa upande uliolaza wewe. Akasema, "Fumua. Shona mpaka pale ulipofika. Na uongee kama ulivyoongea."

Nilimwambia siwezi. Akasema ananiomba, hanilazimishi.

Nikafumua lile pindo. Nikakaa dirishani. Nikashona, nikaongea habari ya dada na wakwe na pilau, sauti inakatika, yeye haelewi neno hata moja na machozi yanamtoka yakienda masikioni. Nilipomaliza upande wa mbele, nikasimamisha sindano. Akauliza, macho amefumba, "Hapa ndipo mkono ulipoanguka?" Nikasema ndiyo. Akasema niendelee. Sikujua kwamba pindo linaweza kuwa refu hivyo. Uzi ulipoisha nilibaki nimekaa. Sikuweza kwenda kumgusa mguu.

Akafumbua macho mwenyewe. "Ni muda mrefu, Anti."

Nikasema ndiyo, ni muda mrefu. Akauliza kama ningepiga simu mapema ungepona. Nikasema sijui. Akasema na yeye hajui, na kwamba hatutajua kamwe. Akanigeuzia mgongo, akaangalia nje mpaka jua likahama kwenye zulia. Sikumbembeleza, maana hakuna cha kumbembelezea. Mwisho akaja akaketi karibu yangu, akashika ncha ya kitambaa akaivuta ikanyooka, akasema, "Imebaki robo. Maliza." Nikamaliza, yeye ameshika upande ule na mimi upande huu.

Alilikunja gauni akaliweka kwenye begi lake pamoja na orodha ya mlangoni. Hakunikumbatia. Alisema atapiga Jumapili kama kawaida. Leo ni Jumamosi, na sijui kama atapiga. Akipiga nitapokea, na akiniuliza nitamjibu kila kitu jinsi kilivyokuwa. Asipopiga, nitamwelewa, ingawa nitaumia.

Na wewe sikuombi msamaha kwa kuzunguka. Nisamehe, Mama. Nilikuwa naitunza kazi yako nikashindwa kukutunza wewe. Sharti lako nimelivunja kuanzia leo. Nakuahidi kwamba yeyote atakayenyamaza mbele yangu, mgeni au ndugu, nitamuuliza swali. Nitamwita jina lake. Nitamharibia usingizi na nitamharibia kazi, na akinikasirikia nitafurahi kwamba ana pumzi ya kunikasirikia.

Kesho asubuhi, kabla ya saa ya simu, nitakuja makaburini na karatasi hii. Nitakaa upande wa miguu, kwa mazoea. Nitakueleza harusi iliishaje, maana hukusikia mwisho wake. Kisha nitainuka niondoke, na sitakugusa mguu, Mama. Hakuna tena anayekusubiri kwenye taa.

Lala.

Fundi wako,
Zubeda