Kwaresima ya Mama Wawili

Jumatano, 12 Februari 1997

Jumatano ya Majivu. Padri kanipaka majivu kwenye kipaji cha uso akanikumbusha kuwa mimi ni mavumbi. Mwaka huu maneno hayo yamenichoma – mwezi mmoja tu tangu tumzike Mama Hilda.

Baada ya ibada kaniita pembeni. Jumapili ya Akina Mama anataka nisimame nimtolee Mama Hilda ushuhuda, juu ya amri ya kuwaheshimu wazazi. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Nani mwengine wa kusemwa? Miaka thalathini na kitu kafua na kupiga pasi nguo za altare, mpaka vidole vikapasuka kwa sabuni. Na mimi hakunizaa! Alinichukua mchanga, akanilea peke yake pale chumbani Mkunazini, akanisomesha mpaka nikawa mwalimu.

Aliyenizaa alinitupa. Ndivyo nilivyoambiwa. Sikupata kuuliza zaidi.

Jumatatu, 17 Februari

Kurasa mbili za ushuhuda. Zimenyooka mno, kama barua ya kuomba kazi. Nimezichana. Tabita anasema nisisahau kutaja mwiko wa bibi – alivyokuwa akitukimbiza nao sote wawili, mimi na mwanangu! Tumecheka. Halafu nimekwenda jikoni nikalia.

Alkhamisi, 20 Februari

Niandike kama yalivyotokea.

Wakati wa mapumziko kaja mwanamke skuli. Mrefu, buibui limepauka, umri kama wangu au chini kidogo. Kauliza kama mimi ndiye mwalimu Editha, aliyelelewa na Hilda wa kanisani. Nikamwambia ndimi. Akanishika mkono na hakuuachia. Anaitwa Mwanakheir, katoka Kizimkazi. Kanambia: "Mimi ndugu yako. Mama yetu mmoja."

Nilidhani kakosea mtu. Hakukosea. Anajua mpaka kovu langu la nyuma ya sikio. Mama yao, Bi Mwatum, yuhai. Macho yamekwisha, moyo nao unamsumbua. Kasikia kuwa Hilda kafa, na sasa anaomba kitu kimoja tu: aisikie sauti yangu.

Nikamjibu: "Mama yangu nimemzika Januari." Kengele ikalia, nikaingia darasani. Nilipochungulia dirishani bado kasimama palepale uani, juani. Nikafundisha hesabu. Nilipochungulia tena, keshakwenda.

Jumapili, 23 Februari

Sikwenda kupokea meza ya Bwana. Nilibaki kwenye benchi, Tabita akanitazama. Nyumbani nimemweleza yote. Mwisho kauliza: "Kwa hivyo nina bibi mwengine, na hujataka kumwona?"

Nimemgombeza. Hakuwa na kosa.

Jumatano, 26 Februari

Mume wangu kajibu kutoka Pemba barua yangu ya habari za Mwanakheir. Baba Tabita anasema nifanye moyo utakavyonituma. Ndiyo kawaida yake! Moyo haunitumi popote. Amri ndiyo inayonisumbua. Nimeisoma na kuisoma, nikitafuta pale inaposema mama mwema, au mama aliyekulea. Hapana. Inasema mama, basi.

Jumamosi, 1 Machi

Nimekwenda Kizimkazi.

Nyumba ya mawe na chokaa, nyuma ya shamba dogo la muhogo. Mwanakheir kanipokea kama hakuna lililotokea skuli. Bi Mwatum kakaa kitandani, mdogo kama mtoto, macho meupe. Nikasema shikamoo. Kainamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza maji yanachemka. Kisha: "Marahaba. Sema tena."

Nikasema tena.

Sikwenda kumpembejea kwa maneno matamu. Nilimwuliza palepale kwa nini alinitupa. Mwanakheir kashtuka, lakini mama yake kamwashiria anyamaze. Kanihadithia taratibu, bila ya machozi. Alikuwa na miaka kumi na saba, akifanya kazi nyumba ya watu mjini. Akachukua mimba. Baba yake kasema asikanyage Kizimkazi na mtoto asiye na baba. Hilda alikuwa jirani pale mjini, na wiki ileile kazika mtoto wake mchanga. Maziwa yanamwuma. "Akakuchukua akakunyonyesha," kasema. "Sikukutupa. Nilikupeleka penye maziwa."

Kisha akaja kila Ijumaa. Kila Ijumaa, kwa miaka mitatu! Ananibeba, ananiogesha, anarudi kwa mabwana zake wa kazi. Lakini akishaondoka nalia mpaka napata homa. Siku moja Hilda kamzuia mlangoni, kamwambia achague: anichukue moja kwa moja au asije tena.

"Ningekuchukua nikakupeleka wapi?" kasema. "Sikuwa na mlango wa kwangu."

Nikamwambia Mama hakunambia hata neno moja katika hayo. Alinambia nilitupwa.

Kanyoosha mkono akaushika wangu. Halafu: "Usimlaumu. Alishazika mmoja. Alikuwa na khofu."

Yeye ndiye anayemtetea! Nilitoka uani. Nilipokuwa naaga kauliza kama nnasali. Nikamwambia nnasali, kanisani. Kasema: "Basi hukumkosa Mungu. Hilo ndilo nililokuwa nikiliombea."

Jumatatu, 3 Machi

Jioni kwa Mama Agneta, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Akina Mama, rafiki wa Mama tangu usichana. Alikuwa anachambua mchele. Nimemwuliza kama ni kweli Mwatum alikuwa akija kila Ijumaa.

Hakuuliza Mwatum nani. Kauliza: "Nani kakwambia?"

Basi. Hapo nimejua. Ungo ukatulia mapajani mwake. Kanambia Mama kabla ya kufa alitaka kunieleza, akashindwa, akamwachia yeye kazi hiyo. Naye kaona asiseme, amani ni bora. Kanisihi Jumapili nimseme Mama kama watu wanavyomjua. Marehemu hawezi kujitetea.

Nimekuja nyumbani kwa miguu. Nina hasira na maiti. Sijui mtu hufanya nini na hasira ya namna hii. Mikono ileile iliyonipaka mafuta kifuani nikikohoa ndiyo iliyomzuia mtu mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Nimeota Mama anapiga pasi. Hakuinua uso.

Alkhamisi, 6 Machi

Nimempelekea Mwanakheir salamu: amlete mama yake mjini, nitampeleka kwa daktari wa moyo Jumatatu. Watalala kwangu Mpendae. Tabita kashafua mashuka bila ya kuambiwa.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika. Bi Mwatum kapapasa kuta za chumba, kitanda, mwisho uso wa Tabita. Kamwambia: "Wewe una pua ya kwetu." Mtoto kafurahi kama kapewa zawadi ya Idd.

Chakula cha usiku nimeomba baraka kama kawaida yetu. Nilipomaliza, naye Bi Mwatum kasema Bismillahi yake. Hakuna aliyeona ajabu.

Kauliza kesho kuna nini, mbona ananusa asumini: Tabita alikuwa anafunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua. Nikamweleza kuwa ni siku ya kuwaheshimu akina mama, kila mtoto humpa mama yake ua. Kasema anataka kuja. Atakaa nje, barazani, hatomsumbua mtu. Nikasema ni mbali. Kasema mbali zaidi katoka.

Ushuhuda bado haujaandikwa.

Jumapili, 9 Machi

Saa tisa mchana. Niandike upesi.

Hakukaa nje. Nilimshika mkono nikamwingiza, nikamkalisha kati ya Tabita na Mwanakheir, benchi la tatu. Watu waligeuka. Wacha wageuke.

Nilipoitwa nilisimama bila ya karatasi. Nimesema mikono ya Mama Hilda ilivyokuwa. Nimesema mwiko – watu wakacheka. Kisha nikasema kuwa alinyonyesha mtoto asiye wake huku wake yumo kaburini, na kwamba baadaye, kwa khofu, alimfungia mlango mama wa mtoto yule, na akamficha mtoto ukweli kwa miaka thalathini na saba. Nikasema Mungu hakutuamrisha kuwaheshimu mama wasiokosa tu. Angefanya hivyo, nani angeheshimiwa? Mimi mwenyewe nina mtoto. Nikasema: yule aliyenizaa yumo humu, kakaa pale.

Nikashuka.

Nje Mama Agneta kanipita bila ya salamu, halafu karudi. "Umemvua nguo maiti mbele ya watu," kanambia. Nikamjibu nimemsema mzima, wema na kosa. Kasema Jumatano Umoja utakaa kunizungumza. Huku anasema, macho yake yako kwa Bi Mwatum. Nadhani alitaka kumwendea. Hakwenda.

Tabita alimpa kikuba. Bi Mwatum kakinusa, kakishika kiganjani, kanambia: "Nipelekeni kwa Hilda."

Tumekwenda makaburini Mwanakwerekwe. Kapiga magoti mwenyewe, kapapasa msalaba mpaka akalipata jina lililochongwa. Kaweka kikuba juu ya mchanga. Akasema, kwa sauti ya kuzungumza na jirani: "Hilda. Ni mimi Mwatum. Usiogope, sikuja kumchukua."

Hasira yangu ilikwenda wapi sijui. Nilipiga magoti pembeni yake, nikalia kama ambavyo sikulia siku ya maziko.

Sasa tumo nyumbani. Nilidhani wanakaa mpaka Jumatatu ya daktari. Kumbe Bi Mwatum kamwambia Mwanakheir wafunge mzigo waondoke leo – ati ameshanitia matatani na watu wangu wa kanisa, yatosha. Gari ya mwisho ya Kizimkazi inaondoka saa kumi na moja. Kakaa ukingoni mwa kitanda, viatu kashavaa, bakora mkononi. Nimemwambia abaki. Kasema: "Mpaka lini, mwanangu?" Nyumba ni vyumba viwili. Baba Tabita bado hajui lolote katika haya ya leo. Na Jumatano yaningoja.

Saa kumi kasorobo. Mwanakheir kasimama na mzigo kichwani. Anauliza, tunakwenda au vipi? Anamwuliza mama. Mama kageuza uso upande wangu, haoni kitu, na ananingoja.