Siku Tuliyogomea Helmeti

Kakuma, 14 Septemba 2012

Kwako Baba mpendwa,

Ejok, Baba! Mgongo unaendeleaje? Na joto la Lodwar? Mimi sijambo, ni vumbi tu. Simu huku inakata kila baada ya dakika, kwa hivyo barua hii inakuja na Lomuria, dereva wetu wa zahanati.

Nina maswali, na wewe ndiye uliyeshindana baiskeli miaka kumi. Jumanne tuliletewa kijana wa Sudan Kusini aitwaye Makur, anayefanya mazoezi ya mbio barabara ya Kalobeyei. Gurudumu la mbele liliingia shimoni, akaruka, akatua kwa kichwa. Nilitarajia mabaya. Nikamkuta ameketi kitandani akiniuliza, "Sista, baiskeli yangu iko wapi?" Kilichopasuka ni helmeti yake, vipande vitatu. Nimeishika mkononi, Baba. Ndani ni sponji ngumu nyeupe, kama ile inayofungiwa televisheni mpya. Kitu chepesi hivyo kinawezaje kushindana na lami?

Na mbona kwenye picha zako zote hakuna hata mmoja aliyevaa? Nimesoma kwenye kompyuta ya ofisi kwamba mwaka 1991 wakubwa wa mchezo huo Ulaya walitaka kulazimisha helmeti, waendeshaji wa kulipwa wakagoma, wakashinda. Sheria ikarudi 2003, baada ya mmoja wao kuanguka na kufa. Wewe 1991 ulikuwa bado mbioni. Habari hizo mlizisikia?

Ni mimi bintiyo,
Jerusha

Lodwar, 23 Septemba 2012

Kwa binti yangu Jerusha,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mgongo ni ule ule, na pampu za idara ya maji hazijui kwamba nina miaka hamsini na sita. Mwambie Makur pole.

Hiyo sponji haishindani na lami, mama. Inakufa kwa niaba ya kichwa. Ile nguvu ya kugonga inaishia kuiponda yenyewe, na inafanya kazi hiyo mara moja tu. Hata ikipondeka ndani na nje ionekane nzima, ni ya kutupa. Mwambie hivyo.

Sisi tulikuwa na mikanda ya ngozi ya kichwani iliyojazwa pamba, ambayo haingezuia hata embe kupasuka. Helmeti zenyewe zilipokuja tukasema ni nzito, zina joto, ni za waoga. Tulikuwa vijana.

Tarehe kumi na mbili Desemba kutakuwa na mashindano, Lodwar hadi Kakuma, na mimi ndiye mwamuzi mkuu. Kocha anatoka Nairobi kuchagua waendeshaji wawili wa timu yake. Sheria ya kwanza niliyoandika: asiye na helmeti nzima haanzi.

Kula vizuri.

Baba yako,
Opondo

Kakuma, 30 Novemba 2012

Kwako Baba,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo una shughuli.

Nilimpa Makur maneno yako. Akaitikia vizuri, "Sawa, sista." Jumatatu nilimkuta ameunganisha vile vipande kwa gundi, na dada yake Achai amemshonea kifuniko cha kitambaa cha bluu, kizuri kweli. Kambi nzima ya wakimbizi hakuna helmeti nyingine ya baiskeli. Akaniambia, "Hii ni siri yetu. Mimi nikikosa hiyo mbio, kocha hatarudi Kakuma tena."

Ni kweli, Baba. Anaendesha kama mtu anayejua anakokwenda, na mimi napenda kumwangalia akiendesha. Nimewaza siku tatu. Ukibonyeza nyuma ya sikio la kulia, utaisikia inacheza.

Nimeandika. Sasa sijui kama nimemwokoa au nimemuuza.

Halafu, umejibu maswali yangu yote isipokuwa lile la 1991. Kwa nini?

Bintiyo,
Jerusha

Lodwar, 13 Desemba 2012

Jerusha mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nimeamka salama, lakini kalamu leo ni nzito.

Nilitafuta helmeti ya akiba Lodwar yote, nikakosa. Jana kwenye mstari nilibonyeza pale uliponiambia. Ilicheza. Nikamwambia, "Makur, leo huanzi." Hakubisha. Akasema, "Sista amekuambia."

Hapo Nakuleu, yule kijana wa Lokitaung, akavua helmeti yake akaiweka chini. "Kama Makur haendi, hatuendi. Na akienda bila helmeti, basi sote bila helmeti." Muda mfupi baadaye helmeti ishirini na sita zilikuwa vumbini. Kocha akanivuta kando: "Mzee, mwache tu. Atakuwa mwangalifu."

Maneno hayo nilishawahi kuyasema mwenyewe.

Ndiyo, 1991 tulisikia. Redio ilitangaza kwamba wale waendeshaji wa Ulaya wamegoma. Mwezi uliofuata waandaaji wa mbio zetu wakatuletea sheria ile ile pamoja na helmeti mpya, na mimi nilikuwa nahodha. Nikawaambia wenzangu, "Kama wale wamekataa, sisi ni nani tuvae?" Tukakubaliana sote tufike vichwa wazi. Mwandaaji aliogopa hatari, nikamwambia, "Watakuwa waangalifu." Akakubali. Kwenye mteremko wa pili baba yako mdogo Odongo alianguka. Hakuwa na jeraha jingine mwilini, Jerusha. Ni kichwa tu. Wewe ulikuwa na miaka mitano, tukakuambia ni ajali ya barabarani. Baada ya hapo sikupanda baiskeli tena.

Niliwasimulia hayo vijana wote, pale juani, mimi ambaye sijawahi kumwambia mtu. Kisha Makur akaokota helmeti ya Nakuleu, akaipuliza vumbi, akamvalisha, akamfunga ule mkanda wa kidevuni. Wengine wakaokota zao.

Makur nilimpakia kwenye gari la waamuzi. Kilomita mia na ishirini hakunisuta hata mara moja. Aliniuliza tu: ndugu yangu alianguka upande gani, mteremko ulikuwa mkali kiasi gani, helmeti yake siku hiyo ilikuwa wapi. Hilo la mwisho nilimwambia sijui. Tulipofika Kakuma sikupita kwako, nikarudi Lodwar usiku ule ule, maana haya ni rahisi kuyaandika kuliko kuyasema.

Baba yako,
Opondo

Kakuma, 3 Februari 2013

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza wiki saba. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani: wewe, mimi, au Makur aliyepita mbele yangu kanisani Krismasi kama vile mimi ni ukuta. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Nakuleu amechaguliwa. Makur hakuchaguliwa, na kocha hajasema kama atarudi. Hilo nimelikubali kuwa ni langu pia.

Wiki iliyopita alikuja zahanati na ile helmeti ndani ya mfuko wa nailoni. "Sista, uko na kisu kali? Nataka kuona ndani." Tukaikata kwa wembe wa upasuaji. Pale alipogonga, sponji iliyokuwa nene kama kidole gumba ilikuwa imebaki nyembamba kama chapati. Akaweka kidole hapo, kisha akagusa kichwa chake mahali pale pale. Akakaa. Akasema, "Ningeenda na hii mpaka Kakuma." Tangu siku hiyo ananisalimu.

Swali langu la mwisho, na tafadhali usiliruke. Mama mdogo Wahu, mjane wa Odongo, yuko Nakuru mpaka leo. Anajua?

Bintiyo anayekupenda,
Jerusha

Lodwar, 8 Aprili 2013

Kwa binti yangu,

Salamu. Tushukuru Mungu, kura zimepita salama na sisi tu wazima.

Alikuwa hajui. Nilienda Nakuru wakati wa Pasaka. Nilimkuta Wahu anachambua maharagwe. Sikukaa hata kwenye kiti, nikamwambia nikiwa nimesimama: mimi ndiye niliyewakataza helmeti, mimi nilikuwa nahodha.

Aliokota kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa. Kisha akasema, "Shemeji, Odongo aliivaa ile helmeti asubuhi ile. Aliamua kuvaa. Alisimama mlangoni akaniuliza, 'Naonekanaje?' Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia anafanana na uyoga. Akaivua, akaiacha mezani, akatoka bila kuniaga. Miaka ishirini na miwili najua ni mimi."

Nikamwambia kosa ni langu, amri ilikuwa yangu. Akasema kicheko kilikuwa chake. Hatukuafikiana, Jerusha, na sidhani tutaafikiana.

Lakini aliniuliza jambo moja, kwa sauti ndogo. "Alipofika kwa wenzake, alikuwa amenikasirikia?"

Nikakumbuka. Jambo hilo sikuwa nimelifikiria tangu siku ile. Odongo alifika kwenye mstari akicheka. Alitueleza sote kwamba mke wake amemwita uyoga, akaigiza alivyosimama mlangoni, hadi mwandaaji naye akacheka.

Nikamweleza Wahu hivyo. Akaweka sinia chini, akaniomba nirudie.

Nikarudia. Akaniomba tena.

Baba yako,
Opondo