Siku Nilipomrudisha Tumebaki kwa Ng'ombe

Jumapili, jioni. Mvua imepita, ardhi bado inanukia.

Ilianza watu wakiwa wanatoka misa ya kwanza, imekatika sasa hivi tu. Mtaa wetu mzima wa Nyasubi ni matope. Nimetoa kigoda nikakaa nje ya mlango wa jiko, uani kwangu, na kimya kilichopo hapa sijawahi kukisikia tangu mwaka uanze. Hakuna anayebweka. Hakuna anayejirusha kwenye uzio. Nimekiomba kimya hiki kwa miezi, na leo nimekipata, na nafsi imegoma kutulia.

Mbwa wangu hayupo.

Naandika ilivyokuwa, kabla sijaanza kujidanganya.

Mbwa mwenyewe anaitwa Tumebaki na alikuwa wa baba yangu. Baba alikuwa mfugaji, kijijini kwetu huko Shinyanga vijijini, na mbwa wake wote aliwapa majina yenye maneno ndani yake. Kulikuwa na Mtasema, aliyezaliwa mwaka baba aliponunua baiskeli mpya na ndugu zake wakanuna. Kulikuwa na Sijali, ambaye alikuwa mwoga kuliko kuku. Huyu wa mwisho alizaliwa msimu tuliomzika mama. Nakumbuka baba alimwokota yule mtoto wa mbwa, akamweka kwenye kiganja, akamwangalia kwa muda. Akasema, "Huyu ni Tumebaki." Hatukumuuliza kwa nini.

Walikuwa hawaachani. Asubuhi baba anafungua zizi, Tumebaki anatangulia. Ndama akichepuka kuelekea kwenye pamba ya watu, baba hakimbii. Anasema neno moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mbwa anakwenda kumrudisha. Nikija likizo nilikuwa nakaa juu ya lundo la pamba tuliyovuna, natafuna michembe, vile viazi vikavu vinavyokwamisha meno, nawaangalia wakirudi. Vumbi linakuja kwanza. Halafu ng'ombe. Halafu baba na fimbo yake mabegani, na mbwa nyuma yake, ulimi nje.

Baba alipofariki, ng'ombe waligawanywa. Kaka yangu Masanja akahamia mjini, ng'ombe wake akawauza. Nilipokwenda kijijini kuangalia mji wetu nilimkuta Tumebaki amelala mbele ya zizi tupu, mbavu zimetoka. Nikambeba mpaka hapa kwangu Kahama. Baba Pendo, mume wangu, anafanya kazi machimboni Geita na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Aliponikuta na mbwa alicheka akasema angalau tumepata mlinzi.

Hatukupata mlinzi. Tulipata vita.

Zamani, kati ya uwanja wangu na wa jirani kulikuwa na uzio wa minyaa, mnene, wa kijani. Aliyeishi upande ule alikuwa Mama Sofia. Kwenye kona karibu na jiko palikuwa na tundu, na kupitia tundu hilo tulipitishiana kila kitu: makaa ya moto, chumvi, mchele wa kuonja, hata mwanangu Pendo alipokuwa mdogo alipitishwa pale kama furushi nikitaka kwenda sokoni. Mama Sofia aliuza akahamia Mwanza kwa watoto wake. Aliyenunua akang'oa minyaa yote. Akasimamisha nguzo za miti na wavu wa chuma.

Huyo ndiye Baba Milembe. Mtu mrefu, mkimya, mwenye pikapu nyeupe. Majirani walisema alitoka Rwamgasa, kwamba alichimba kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, miaka mingi, akapata, akaacha, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja na mkewe, na binti yao Milembe, na mbwa mwenye kichwa kikubwa kama cha ndama. Komando.

Minyaa ilikuwa inaficha. Wavu haufichi kitu. Tangu siku ya kwanza Komando na Tumebaki walipoonana, hawakupumzika. Asubuhi nikifungua mlango, Tumebaki anachomoka mbio hadi kwenye wavu, na mwenzake yupo tayari upande wa pili. Wanakimbia sambamba, kutoka kona ya choo hadi kona ya jiko na kurudi, meno nje, mpaka wakachimba njia pande zote mbili, majani hayaoti tena. Wakichoka wanasimama pua kwa pua na kuung'ata wavu. Siku moja Tumebaki alirudi sikio limechanika. Siku nyingine nikaona damu kwenye pua ya Komando, nikaingia ndani haraka, nisionekane nimeona.

Mimi na Baba Milembe tulikuwa hatusalimiani. Yeye akitoka anamwita mbwa wake, mimi namwita wangu, kila mmoja anaangalia mbwa wake. Mkewe aliwahi kusema kwa sauti, akijua nasikia, kwamba mbwa wa porini wangeachwa porini. Nami nikamwambia Pendo, kwa sauti hiyo hiyo, kwamba kuna watu wamekuta uzio mzuri wakaung'oa.

Nikiri jambo moja hapa. Kuna asubuhi nilisimama dirishani nikawaangalia wakigombana na sikutoka kuwaamua. Kwa sababu wakati huo tu, Tumebaki alifanana na yule wa zamani. Masikio juu, mgongo umenyooka, mbio. Saa nyingine zote alikuwa analala karibu na karo kama gunia. Nilikuwa namtamani yule wa kijijini, hata kama ni kwa ugomvi.

Majirani wa nyuma wakapeleka malalamiko. Mwenyekiti wa mtaa akaja, akasimama katikati yetu na wale mbwa wakibweka hadi ikabidi apige kelele.

"Mmoja wenu aondoe mbwa, au mjenge ukuta! Watoto wa watu hawalali!"

Baba Milembe akasema atajenga ukuta. Ukuta ni jambo zuri, kila mtu mjini anajenga. Lakini niliwaza ile kona ya jiko, mahali pa lile tundu, na nikaona kama nazibiwa pumzi.

Ukuta haukuwahi kuanza. Jumanne ilinyesha mvua kubwa ya upepo, na Jumatano mchana, jua likiwa kali, nilikuwa uani napembua mchele. Baba Milembe alikuwa kwao, kalala chini ya pikapu yake anatengeneza kitu. Mbwa wakaanza. Nikasikia mlio ambao haukuwa wa kawaida, kama mti unaovunjika. Nguzo ya katikati, ile waliyokuwa wanaigonga kila siku, ilikuwa imeoza chini, na mvua ilikuwa imelegeza udongo. Ikaenda. Wavu ukalala.

Kwa muda mfupi mbwa wote wawili walisimama. Walikuwa wanatazama mahali palipokuwa na wavu. Nikadhani, pengine. Nimesikia watu wakisimulia kwamba mbwa wa namna hii wakikutana kweli wananusana na kuachana.

Hawa hawakunusana.

Sijui niliangusha ungo saa ngapi. Nakumbuka mchele miguuni mwangu, na matope, na sauti ile ya koo. Komando ni mkubwa, lakini Tumebaki amekulia kwenye fisi. Alimshika chini ya shingo na hakuachia. Mke wa Baba Milembe akatoka na ndoo ya maji akawamwagia, haikusaidia. Milembe alikuwa analia mlangoni, "Baba, anamuua! Baba, anamuua Komando!" Baba Milembe akaja, akamkamata Tumebaki kwa nyuma, akavuta, na Tumebaki akageuka akamng'ata mkono, kisha akarudi palepale shingoni.

Nikaita. "Tumebaki! Acha! Acha!" Kama nilivyokuwa naita siku zote. Hakusikia, au alisikia kelele tu.

Na hapo neno likanitoka ambalo sikulitafuta. Halikuwa la Kiswahili.

"Igasha!"

Kaa chini. Ni neno la baba, la Kisukuma. Na si neno tu. Nililisema kama yeye, bila kupiga kelele, sauti ya chini inayotoka kifuani. Nilijisikia mwenyewe nikashtuka.

Tumebaki akaachia. Akarudi nyuma. Akakaa.

Nikamwambia, "Nzugu." Njoo. Akanijia, ameinamisha kichwa, damu mdomoni, akalala miguuni pangu juu ya mchele. Nikachuchumaa nikamshika, na nikalia kama sikuwahi kulia hata siku ya msiba. Miezi yote hiyo nilikuwa nasema naye Kiswahili. Mimi, na Pendo, na kila mtu hapa. Tangu baba afariki hakuna aliyekuwa amemsemesha huyu mnyama kwa lugha anayoijua.

Nilipoinua uso, Baba Milembe alikuwa amesimama, anashika mkono wake, damu inachuruzika, na ananiangalia kwa mshangao.

"Kumbe wewe wa kwetu?" akasema.

"Wa kwenu wapi?"

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, palepale, na mkono ule unavuja.

Nikaitikia. Nilicheka huku nalia. Mkewe akatuangalia sote wawili kama waliorukwa na akili, akasema, "Salamu baadaye, mkono huo!"

Tuliuosha kwa maji ya bomba na sabuni, kwa muda mrefu, mpaka vidole vyake vikakunjamana. Cheti cha chanjo ya Tumebaki kilikuwepo, lakini hospitali walisema sindano za kichaa cha mbwa lazima aanze. Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi pale foleni ikisogea polepole, na tukaongea yote ambayo tungeongea kwa miezi yote ile. Alikuwa amedhani mimi ni mama wa mjini anayejisikia. Nami nilidhani yeye ni mtu wa fedha za dhahabu asiyetaka watu. Kumbe alikulia machungani kama kaka zangu. Alikwenda Rwamgasa kijana kwa sababu ukame ulimaliza ng'ombe wa baba yake. Kwa alichopata chini ya ardhi, cha kwanza alichonunua ni ng'ombe. Wapo kwa mama yake, upande wa Bukombe.

"Mama anasumbuka," akasema. "Mbwa alionao wanalala tu. Ndama wanaingia mashamba ya watu kila siku."

Foleni ikasogea, tukasogea nayo. Mimi ndiye niliyesema.

"Wangu anajua ndama."

Akaniangalia. "Mama Pendo, sijakuomba mbwa. Ukuta nitajenga."

"Najua hujaniomba."

Siku zilizofuata nilibadilisha mawazo kila nikiamka. Tumebaki ndiye kitu cha mwisho cha baba chenye kupumua. Fimbo alichukua Masanja. Mji wetu umeota magugu. Nikimtoa huyu, nani atakuwa anakumbuka pamoja nami? Lakini kila nikitoka uani namkuta karibu na karo, amelala, na Komando kafungwa kamba upande wa pili na bandeji shingoni, na nikaona kwamba ninachokitunza si mbwa. Nautunza msiba.

Jana asubuhi Baba Milembe aliwasha pikapu. Pendo alimkumbatia Tumebaki hadi nguo yake ikachafuka. Mimi sikumkumbatia. Nilimwambia kwa Kisukuma apande, akapanda, akakaa nyuma akiangalia mbele, si mimi. Gari likaondoka. Nilirudi ndani nikakuna nazi ambayo sikuwa na haja nayo.

Leo mchana, mvua ikiwa inanyesha, simu ikalia. Mama yake Baba Milembe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu mbwa wako alikuwa wa nani?"

"Wa baba yangu, mama."

"Basi baba yako alikuwa mtu." Kwa nyuma nikasikia ng'ombe, ile sauti ya zizi zima wakati wa mvua, na sijui kama mtu asiyekulia nayo angeitambua kwenye simu. "Jana alifika, akalala. Leo asubuhi nimefungua zizi, sijamwita, katangulia. Ndama mweusi, msumbufu yule, kamrudisha mara tatu. Nimekaa chini nikacheka peke yangu. Unataka nimpe simu akusikie?"

Nikamwambia ndiyo. Halafu nikamwambia hapana, amwache afanye kazi.

Sijui kama nilifanya vizuri kukataa. Nilitaka asikie sauti yangu. Nikaogopa kwamba angesikia, na nikaogopa zaidi kwamba angeisikia na asigeuke.

Pendo ameniuliza leo, wakati wa kula, babu alikuwa anaongeaje. Nimejaribu kumwonyesha. Amesema ninatisha. Tumecheka.

Sasa jua limetoka kidogo kabla ya kuzama, kama linavyofanya hapa baada ya mvua. Nimeosha lile sufuria bovu la chakula cha Tumebaki. Nimelisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, kuliko ninavyosugua masufuria yetu. Kisha nimesimama nalo uani bila kujua niliweke wapi. Kwenye kabati si mahali pake. Kulitupa siwezi.

Nimelipindua juu ya jiwe likauke. Nitaamua asubuhi.