Sarafu za Visiwa Alizozipenda Baba

Nyumbani,
Nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi.

Kaka yangu mpendwa,

Kabla ya yote, hali yako? Shemeji je, na watoto? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tunapumua tu. Mama anakula kidogo, ila anakula.

Siku ya mazishi simu ilijaa vilio, nikashindwa kukueleza jambo moja. Leo nimejikaza.

Ni zile sarafu za dhahabu ulizokuwa ukimtumia Baba, moja kila mwaka, za nchi za visiwa vidogo. Alizisoma kwa lenzi yake ya kutengenezea saa, kisha akakitafuta kisiwa kwenye atlasi. "Nchi nzima hii, nikiiwekea ukucha inapotea!" Alicheka mpaka machozi. Hata alipopofuka alizipapasa kila asubuhi baada ya chai, akizitaja kwa picha zake: kasa, pomboo, ndege mwenye mdomo mrefu. Zote tisa.

Mwaka jana Mama alipovunjika nyonga bafuni, wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeachishwa kazi. Akanikataza nisikuambie. Daktari alitaka apasuliwe haraka. Nikazichukua sarafu, nikamuuzia sonara, na ndani ya kikebe alimozihifadhi nikaweka sarafu za kawaida zilizolingana nazo kwa ukubwa.

Kesho yake Baba akapapasa ya kwanza. Akaigeuza kiganjani mara mbili. Kisha akasema, "Huyu kasa." Akaendelea hadi ya tisa, asiruke hata moja. Hivyo hivyo kila asubuhi, miezi saba. Nikaamini nimemdanganya, na aibu ikanitafuna.

Siku yake ya mwisho wodini alinishika mkono.

"Mama yako sasa anatembea bila fimbo?"

"Anatembea, Baba."

"Basi uliuza vizuri, mwanangu. Dhahabu ni nzito, na vidole vyangu havikupofuka. Niliona nikisema, utalia."

Nililia, Kaka. Kabla sijamwomba radhi, nesi akanitoa nje. Niliporudi alikuwa ameshafunikwa shuka.

Sasa nakuomba wewe, maana lile lilikuwa jasho lako. Ukikasirika, kasirika, ila usininyamazie. Mama naye mpigie. Siku hizi simu haimtoki mkononi.

Shangazi anakusalimu, na binamu yetu yule fundi cherehani pia. Mungu akulinde huko ugenini, akurudishe ukiwa na afya, ulione kaburi la Baba kwa macho yako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Kidoti