Hewa Imepata Mia na Sabini

Mwenzangu, hapa nilipo natetemeka kwa hasira.

Kile kipima uchafu wa hewa kilichotundikwa langoni shuleni kwa mwanangu, leo kimesoma 170. Na mwalimu mkuu kawatoa watoto wote wakakimbie uwanjani!

MIA NA SABINI! Na pumu ya mwanangu anaijua vizuri!

Nimemuuliza, namba hukuiona? Ananijibu huku anatabasamu, "Mama, jana ilikuwa arobaini tu. Leo hewa imepanda alama."

Imepanda alama!! Namba ikipanda ndiyo hewa imechafuka, yeye anaisahihisha kama mtihani!

Mtoto nimempakata, kifua kinapiga filimbi, dawa ya kuvuta iko mdomoni. Nikamwambia, "Mwalimu, hebu inama. Weka sikio hapa usikie alivyofaulu."